Mbele ni Bustani

Ijumaa, 3 Aprili

Balaa! Wagdi amepiga simu kutoka Tanta. Anakuja kula sikukuu ya Sham el-Nasim kwangu, yeye na mkewe Samiha. Hakuuliza kama tuna nafasi. Amesema tu kwamba mwaka huu wanataka kuinusa hewa ya majira mapya mbele ya bahari yangu, maana kila Ijumaa nimekuwa nikimsimulia.

Ni kweli nimekuwa nikimsimulia. Kosa langu liko wapi? Tulipohamia hapa Hurghada, mwezi wa kumi na mbili, bahari ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu haya, kutoka baraza la ghorofa ya tatu. Buluu, pana, ina meli. Mbele yetu kulikuwa na kiwanja kitupu cha mchanga. Nilimuuliza dalali Esam patajengwa nini. Akaweka mkono kifuani. Bustani, akasema.

Januari bustani ikachimbwa msingi. Februari ikaota nguzo. Sasa bustani ina ghorofa nne na vyuma vinachungulia juu kutafuta ya tano. Bahari bado ninayo, lakini inabidi nisimame juu ya ndoo, nishike kamba ya nguo na kuinama kushoto. Nikiinama vizuri naipata, nyembamba kama kamba ya kiatu.

Tanta hawajui. Mji unakua kila siku. Nitawapigia simu kila siku kuwatangazia?

Wagdi ni mume wa dada wa mke wangu. Mwalimu mstaafu wa historia, na hajastaafu kunisahihisha. Siku tuliyohama, mbele ya ukoo mzima, alisema jangwa litanitapika kabla ya joto kuanza. Na leo Nagwa, mke wangu, ameniambia polepole huku akikunja taulo: "Baba Dina, dada yangu akifika hapa akaoneshwa ukuta, narudi naye Tanta. Wewe baki na mchanga wako."

Nilidhani anatania. Alipofika taulo ya tatu nikaona hatanii. Nitafanyaje bila Nagwa? Mimi sijui kuchemsha hata yai. Na zaidi ya yai, nampenda. Hili la pili sikumwambia.

Jumapili, 5 Aprili

Usingizi haukuja. Mpango umekuja!

Ghorofa ya sita, juu kabisa, anakaa Madam Galina. Mrusi, mjane, mwenyekiti wa wakazi, paka watano. Yeye bahari anayo nzima, jengo la mbele halijamfikia. Na kila Pasaka huwa anasafiri. Pasaka yao na ya Wakopti wetu ni siku moja, Jumapili ijayo, na Sham el-Nasim ni kesho yake. Kalenda yenyewe inanipenda.

Kinachotakiwa ni ufunguo tu. Kwa kawaida hupewa Ami Bakhit, bawabu wetu, ili awalishe paka. Safari hii lazima nipewe mimi.

Nimepanda juu na bakuli la maziwa. Nimemwambia Madam Galina kwamba tangu utotoni roho yangu iko kwa paka. (Paka mmoja wa rangi ya chungwa, Misha, alinitazama na kujua naongopa.) Kisha nikadokeza, kwa masikitiko, kwamba Bakhit huwa anawalisha maharage aliyobakiza yeye asubuhi.

Madam Galina alijifunza Kiarabu sokoni kwa wauza mboga, hivyo kila anachosema husikika kama anakataa bei. Alipiga meza kofi. "Maharage! Tumbo la Misha! Sasa najua! Bakhit, hapana! Hapana kabisa!"

Ufunguo ni wangu.

Jumatatu, 6 Aprili

Bakhit amejua. Hukaa kwenye benchi lake mlangoni na bilauri ya chai, na habari humjia zenyewe. Aliniambia bila hata kuinua sauti: "Ustadh Sabri, mimi mtu wa Sohag. Kwetu hatupigi kelele. Tunasubiri."

Kwa kuwa sipendi watu wanaosubiri, nikakaa naye tukazungumza. Nikamweleza mpango. Mbele ya wageni aniite bwana wa ghorofa ya sita. Na ikitokea hatari yoyote, apige kengele ya chini mara tatu. Akauliza atapata nini. Nikamtajia kiti changu cha plastiki. Akatikisa kichwa. Anataka samaki.

Wagdi analeta fesikhi kutoka Nabaruh, na hakuna fesikhi kama ya Nabaruh. Imelala kwenye chumvi mpaka imeoza vizuri, inanuka mpaka machozi. Sikukuu bila fesikhi si sikukuu. Bakhit anataka mmoja, yule mnene mwenye mayai, na aletewe siku yenyewe kabla hatujaanza kula sisi. Nimeapa kwa macho yangu.

Usiku nikamweleza Nagwa. Akasema ni aibu, ni wizi, na yeye hayumo. Kisha akauliza mapazia ya Madam Galina ni ya rangi gani.

Nikamwambia meupe. Akauliza kama yanapepea. Kumbe naye amekuwa akimsimulia dada yake!

Alhamisi, 9 Aprili

Madam Galina ameondoka! Sanduku kubwa kama jokofu. Urusi, moja kwa moja. Nani abebe sanduku kama lile kwenda karibu? Nimelibeba mwenyewe hadi kwenye teksi, mgongo unaniuma bado. Alitaka kunieleza jambo, lakini nikiruhusu watu wanieleze mambo tutachelewa. Nikamfungia mlango kwa heshima nikapaza sauti: "Safari njema, Madam! Tusalimie Moscow!"

Alinitolea macho nyuma ya kioo mpaka teksi ikapinda. Uchungu wa nyumbani, bila shaka.

Jumamosi, 11 Aprili

Wamefika. Naandika nikiwa chooni ghorofa ya sita, niko na paka wawili.

Asubuhi nilihamisha vitu muhimu: ndara zangu, mkeka wa kuswalia, sufuria la Nagwa, picha ya harusi ya binti yetu Dina. Kila kitu kikakaa mahali pake isipokuwa kimoja. Ukutani kuna picha kubwa ya marehemu mume wa Madam Galina, amevaa sare za jeshi la majini, kofia na nishani. Imekazwa kwa skrubu. Nilivuta mpaka plasta ikaanza kudondoka. Nimeiacha.

Wagdi ameshuka basi na masanduku manne. Manne! Kwa sikukuu moja! Na kopo la fesikhi, limefungwa nailoni juu ya nailoni, na bado abiria wote walikuwa wanashuka huku wamejifunika pua. Bakhit alituinamia mlangoni kama mhudumu wa hoteli. "Karibu nyumbani, bwana wa ghorofa ya sita!" Amezidisha kidogo, lakini sawa.

Kisha ikaja dakika niliyoingoja. Nikafungua mlango wa baraza. Mapazia yakapepea. Bahari, mwisho wa macho hadi mwisho wa macho. Samiha akasema mashallah. Wagdi hakusema kitu. Tangu nimfahamu ni mara ya kwanza kusikia ukimya wa mtu huyu, na ni mtamu.

Haukudumu. Akauliza yule Mrusi ukutani ni nani. Nikamjibu haraka kwamba ni rafiki yangu, tulijenga naye Bwawa Kuu la Aswan. Wagdi akafumba macho, akapiga hesabu, akanijulisha kwamba bwawa lilipokamilika mimi nilikuwa na miaka mitano. Nikasema nilikuwa mtoto mwenye nguvu.

Samiha akaomba kijiko. Nagwa akafungua droo ya kwanza: dawa za paka. Ya pili: mishumaa. Ya tatu: meno ya bandia kwenye kikombe. Akaifunga akasema kwamba siku hizi vijiko vimepitwa na wakati, hapa Hurghada watu hukorogea chai kwa uma.

Jambo moja la ajabu. Wagdi alinivuta pembeni akauliza, hivi bahari hii inaonekana hata kutoka ghorofa ya tatu? Nikamwambia inaonekana zaidi! Ghorofa ya tatu unakuwa karibu nayo, unaisikia ikikuita jina. Akashusha pumzi ndefu. Wivu unamla, maskini.

Jumapili, 12 Aprili

Tumepaka mayai rangi. Paka wote watano wako bafuni, mlango nimeufunga kwa kamba. Samiha ameuliza mbona bafu linalia. Nikamwambia ni mabomba, maji ya hapa yanatoka mbali.

Wagdi alitoka peke yake asubuhi "kunyoosha miguu". Karudi viatu vimejaa vumbi la saruji, anapiga mluzi. Alikuwa wapi? Ananipeleleza! Bakhit anadai hakuona alikoelekea. Kisha akanikumbusha samaki.

Jumatatu, 13 Aprili. Sham el-Nasim

Naandika ghorofa ya tatu. Kwangu. Nitaandika kwa utaratibu, ingawa mkono unanuka.

Tumeamka na khamasini. Upepo wa mchanga, mbingu njano, bahari haionekani kutoka ghorofa yoyote. Ikabidi kufunga madirisha yote. Kisha Wagdi akafungua kopo.

Pua zikakubali baada ya muda. Meza ikapendeza: vitunguu majani, saladi, mayai ya rangi, ndimu, mikate. Samaki watano. Nikachukua yule mnene, mwenye mayai, nikamweka kwenye sahani nikasema nampelekea jirani mgonjwa.

Sasa, lifti ya jengo hili ni ya taratibu. Ghorofa ya tano nilimnusa tu. Ya nne nikamgusa kwa kidole, kuhakikisha chumvi. Mayai yake, jamani! Sitaeleza ya tatu na ya pili. Mlango ulipofunguka chini, Bakhit alikuwa amesimama mbele yangu, mkate mkononi, ameshaukata tayari. Sahani yangu ilikuwa na uti wa mgongo na kichwa.

Tulitazamana. Kichwa nacho kikatutazama.

"Sikukuu njema, Ustadh," akasema, akarudi kwenye benchi lake. Ningejua! Ningempelekea hata mkia.

Nimerudi juu, nikakuta Samiha amefungua bafu. Alisema mabomba yalikuwa yanakwaruza mlango. Paka watano juu ya meza! Misha amebeba samaki mzima anapanda naye pazia. Wagdi yuko juu ya kiti na kitunguu mkononi kama upanga. Samaki mwingine ameanguka kwenye kochi jeupe, na Nagwa anapangusa kwa ndimu, na kadiri anavyopangusa ndivyo anavyompaka.

Hapo ufunguo ukageuka mlangoni.

Kengele haikulia. Hata mara moja! Alisimama Madam Galina, na nyuma yake Bakhit amebeba lile sanduku, anatabasamu. Sikupata kumwona Bakhit akitabasamu kabla. Ana jino la dhahabu.

Baadaye nilielezwa kwamba hakuwahi kwenda Urusi. Alikwenda Safaga kwa rafiki yake, mwendo wa saa moja, na sanduku lilikuwa la keki za Pasaka. Kwa nini hakusema?

Kichwa changu hufanya kazi haraka, wengine wameumbwa hivyo. Kabla hajafungua mdomo nilimgeukia Wagdi nikamwambia huyu ndiye mama anayetusaidia usafi. Wagdi, mtu wa adabu zake, akashuka kwenye kiti akamwomba, kama hatojali, atuongezee ndimu.

Madam Galina alimtazama. Akanitazama mimi. Akavua koti akalitundika kwenye ndoano ambayo sikujua ipo. Akaenda jikoni, akafungua droo ya nne, akatoa kisu, akakata ndimu, akazileta. Kisha akakaa kwenye kiti changu, chini ya picha.

"Sabri," akasema. "Paka wangu wako mezani kwako, au wewe uko mezani kwangu?"

Akaonesha juu kwa kisu. Huyu Viktor, mume wake. Hakujenga bwawa, hakuwahi hata kuona bwawa. Alikuwa mpishi wa nyambizi. Kisha akavuta kipande cha fesikhi, akakinusa, akafumba macho. Akala. Akasema Viktor angelia kwa furaha. Akala tena. Akasema kochi nitalisafisha mimi kwa ulimi wangu kama Misha.

Basi. Nikasubiri Wagdi acheke. Miaka yote ya kunicheka ilikuwa mazoezi ya siku hii. Nilimtazama Nagwa, naye alikuwa anaitazama sakafu, shingo imeiva kwa aibu, na nikajua nimempoteza. Sikujali tena kicheko. Nilitamani tu basi la jioni liharibike, na barabara ya kwenda Tanta ifunikwe na mchanga wote wa leo.

Wagdi hakucheka. Alikuwa mweupe kama pazia.

"Shemeji," akasema, "unakaa ghorofa ya ngapi?"

Nikamwambia ya tatu.

"Na bahari? Inaonekana?"

Nikaanza kupanga ndimu. Samiha akampiga Wagdi begani. "Waambie basi! Utawaambia lini, tukiisha kufa?"

Na Wagdi akasema. Kila Ijumaa nilipomsimulia mawimbi, meli na upepo, alikuwa ananibeza kwenye simu, kisha anakata na kukaa akiutazama ukuta wa jirani yake wa Tanta. Mwisho akampigia dalali. Esam! Amenunua. Masanduku manne si ya sikukuu, ni ya kuhamia. Jana alikwenda kuona jengo, ingawa hakuruhusiwa kupanda. Jipya, halijamalizika, lakini ghorofa ya tatu imeshapigwa plasta.

Tukatoka barazani wote, na mchanga machoni. Akaonesha kwa kidole. Jengo la mbele. Bustani yangu!

"Ulinidanganya mwaka mzima!" akafoka. Si mwaka, ni miezi minne, historia yake imemtoka. "Bahari yako iko wapi, wewe mtu?"

"Umeikalia," nikamwambia.

Hapo Nagwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akamkumbatia dada yake, wakalia, wakacheka tena, wakapigana vibao vya mgongo. Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ndogo kama basi la jioni bado analitaka.

"Basi la nini?" akasema. "Mimi nimekuwa nikililia bahari, Baba Dina? Nilikuwa nalilia mtu wa kunywa naye chai! Wewe kutwa uko juu ya ndoo!"

Nikasema mbele ya wote kwamba nampenda. Ilinitoka tu. Wagdi akakohoa. Madam Galina akasema vizuri, sasa kochi.

Jumanne, 14 Aprili

Kochi. Sabuni, siki, ndimu, kahawa, majivu. Linanuka fesikhi iliyooga. Madam Galina anasimamia kutoka kwenye kiti, anakula iliyobaki. Ameniondoa kwenye orodha ya watu. Ufunguo amepewa Bakhit, pamoja na radhi kwa ajili ya maharage, ambazo nilitakiwa kuzisema mimi, kwa sauti, benchini, watu wakipita. Kiti changu cha plastiki pia kiko benchini. Paka wananifuata mpaka msikitini.

Lakini tuangalie matokeo. Lengo lilikuwa nini? Nagwa abaki. Nagwa amebaki! Mpango umefaulu. Sioni kwa nini hakuna anayenipongeza.

Ijumaa, 17 Aprili

Wagdi amehamia. Baraza lake la jikoni linatazama baraza langu. Kamba za nguo zinakaribia kushikana mikono. Nagwa na Samiha wanapitishiana chai kwa ufagio, wanacheka tangu alfajiri. Nagwa anaimba akiosha vyombo, jambo ambalo sikulisikia tangu Tanta. Vizuri sana. Tatizo ni kwamba Wagdi naye yupo pale, kwenye flana, ananisahihisha. Leo amenisahihisha ninavyokula machungwa.

Na bahari anayo! Upande wake wa mbele, nzima, buluu. Kila asubuhi anapaza sauti kunieleza iko vipi. Anasema inamwita jina.

Jioni alinionesha kile kiwanja kitupu kilicho kati yake na maji. Akauliza kama nimesikia patajengwa nini, maana Esam amemwambia ni bustani. Mimi asubuhi nimeona pale malori mawili ya nondo na mtu mwenye kofia ngumu akipima. Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia bustani, bila shaka, na nasikia itakuwa na mawaridi.

Kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Esam. Sikwenda kugombana. Nimemfungia ofisi mlango nikamwambia mara ya kwanza nilikuwa mgeni, sasa ni mwenyeji, hatanipata tena. Nataka jengo jipya lile, la mstari wa mbele kabisa, mbele ya Wagdi. Ghorofa ya tatu, ili kila akifungua dirisha aone ukuta na nguo zangu za ndani. Akanionesha ramani. Nimechagua. Ya kwetu ataiuza yeye. Nagwa sijamwambia bado, nitatafuta siku njema.

Sikuwa mjinga safari hii. Nimemshika Esam mkono, nikamkazia macho, nikamuuliza, na ule mchanga mdogo uliobaki hapo mbele, kabla ya maji, patajengwa nini?

Bustani.